KORONA NA MIKATABA YA UJENZI: SIKU ZILIZOPOTEA ZILIPWE NA NANI?



Ndugu wasomaji, miongoni mwa barua zinazotufikia ziko ambazo hazitaki habari za sherehe wala mapishi, bali zinauliza habari ya nyumba. Nyumba isiyokwisha. Mmoja anaeleza nyumba yake ya Unguja iliyosimama kwenye linta tangu mwaka 2020. Mwengine analalamika juu ya jiko lake la hapa hapa Uingereza, lililobomolewa mwezi wa Machi mwaka ule na kuachwa wazi hadi majani ya miti yakaanza kupukutika. Maneno yanatofautiana lakini swali ni moja: maradhi yaliposimamisha kazi, hasara ilikuwa juu ya nani? Juu ya mwenye jengo, au juu ya fundi?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa sisi wenyewe, tukiwa kamati ya madrasa, tulipita humo, na tulijifunza kwa gharama.

Mwezi wa Februari 2020, baada ya sala ya Isha, tulitia saini mkataba wa kuongeza vyumba viwili na pahala pa kutawadhia nyuma ya jengo letu la zamani. Kazi ilikuwa iishe katika wiki 18, nasi tuliona ni muda wa kutosha na ziada. Wakati ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutangaza, tangu tarehe 30 Januari, kwamba maradhi yaliyoanzia Wuhan ni dharura ya ulimwengu mzima. Khabari hiyo tulikuwa nayo. Lakini hapana hata mmoja wetu pale mezani, wala sisi wala mkandarasi, aliyeuliza maradhi hayo yakifika hapa itakuwaje. Tulijadiliana kwa muda mrefu juu ya rangi ya vigae.

Msingi ulichimbwa wiki ya kwanza ya Machi. Kuta zikaanza kupanda. Tarehe 11 Machi ugonjwa ukaitwa rasmi janga la dunia, na tarehe 23, siku ya Jumatatu jioni, Waziri Mkuu wa wakati ule, Boris Johnson, akawaamuru watu wakae majumbani. Asubuhi yake eneo letu la ujenzi lilikuwa na uzio, choo cha kukodi, majukwaa ya chuma yaliyozunguka kuta nusu, na hapana mtu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawakulifahamu, nasi pia hatukulifahamu upesi. Serikali ya London haikufunga ujenzi katika Uingereza. Ilisema anayeweza kufanya kazi huku watu wakiachana kwa mita 2 na aendelee. Scotland ndiko walikoamuru kazi zisizo za lazima zisimame, nazo zikafunguliwa hatua kwa hatua kuanzia Juni. Basi mkandarasi wetu hakuwa na amri ya serikali mkononi ya kutuonyesha. Alikuwa na mambo mengine: mafundi wake wanne walizoea kuja katika gari moja, maduka makubwa ya vifaa yalikuwa yamefunga milango, na viwanda vya plasta vilikuwa vimesimamisha kazi, hata kiangazi kile mfuko wa plasta ukawa ni kitu cha kutafutwa kwa simu kumi. Alisimama kwa sababu hakuweza kuendelea, lakini hakuna aliyemkataza.

Alirudi mwisho wa Mei. Wiki mbili baadaye tukapokea barua zake mbili katika bahasha moja.

Barua ya kwanza iliomba siku. Ya pili iliomba pesa: kodi ya majukwaa ya chuma kwa wiki tisa ambazo hakuna aliyeyapanda, kodi ya uzio na choo, na tofauti ya bei ya mbao. Kikao cha usiku ule, kilichofanywa kwa njia ya kompyuta huku wazee wetu wawili wakisahau kufungua sauti, kiligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema mkataba ni mkataba, bei tuliyokubaliana ndiyo bei, na pesa hizi ni za Waislamu waliozichanga pauni tano tano. Upande wa pili ukasema mtu huyu ana wafanyakazi na wana watoto, wala si yeye aliyeleta korona.

Wakati na pesa

Tuliutoa mkataba na kuusoma, nasi tunakiri kwamba baadhi yetu ndiyo mara ya kwanza tuliusoma wote. Ulikuwa ni ule mfupi wa JCT wa kazi ndogo, unaotumika sana nchini humu. Unasema kwamba mkandarasi akicheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, aongezewe muda. Basi. Juu ya gharama zake za kungoja haukumpa kitu.

Jambo hili linataka kufahamika vyema, kwani ndilo lililowagombanisha watu wengi. Katika mikataba ya ujenzi wakati ni haki moja na pesa ni haki nyengine. Aghalabu mkataba huweka fidia ya kuchelewa, kiasi fulani kwa kila wiki, ambayo mkandarasi humlipa mwenye jengo akipitisha tarehe. Anapoongezewa muda anaokolewa na fidia ile, lakini kodi ya majukwaa na mishahara inabaki mgongoni mwake. Naye mwenye jengo hapati fidia, na kodi ya pahala alipohamia kwa muda inabaki mgongoni mwake yeye. Kila mmoja hubeba mzigo ulioangukia upande wake. Hata mkataba mkubwa wa JCT, ambao unalitaja kwa jina lile neno la Kifaransa, force majeure, yaani tukio la kudura lisilozuilika, unalipa tukio hilo siku tu.

Si mikataba yote iliyo hivyo. Ule unaoitwa NEC, unaotumiwa sana na idara za serikali hapa, una kifungu kinachompa mkandarasi siku na pesa pamoja, pale litokeapo jambo ambalo hapana awezaye kulizuia na ambalo mkandarasi mzoefu asingelitarajia. Maradhi ni yale yale, nchi ni ile ile, majengo mawili yanatazamana barabarani. Mwenye jengo la kulia analipa na wa kushoto halipi, kwa sababu ya karatasi iliyochaguliwa miezi kabla.

Miradi mikubwa nayo haikusalimika. Tarehe 24 Machi 2020 mamlaka ya usafiri ya London ilisimamisha kazi za njia mpya ya treni ya chini ya ardhi, Crossrail, na abiria wa kwanza hawakupanda mpaka tarehe 24 Mei 2022. Ila tuseme kweli: njia ile ilikuwa ifunguliwe Disemba 2018, na korona ilikuta kazi imekwisha kuchelewa. Wako wakandarasi wengi, wakubwa kwa wadogo, ambao walimtwika mgonjwa huyu mpya madeni ya zamani.

Jamaa zetu walioko Maskati na Dubai wanakijua zaidi kitabu cha FIDIC, chenye jalada jekundu, chapa ya mwaka 1999. Hicho kinataja waziwazi upungufu usiotarajiwa wa watu au vifaa unaosababishwa na maradhi ya kuenea au amri za serikali, na kinampa mkandarasi siku kwa sababu hiyo. Mkoa wa Maskati ulifungwa tangu tarehe 10 Aprili hadi 29 Mei 2020, na anayefanya kazi za ujenzi huko atakumbuka vizuizi vya barabarani. Lakini kitabu hicho kina mtego. Mkandarasi anayedai siku au pesa lazima atoe taarifa kwa maandishi katika siku 28 tangu ajue, au angelipaswa kujua, jambo lililomchelewesha. Akinyamaza hadi siku ya 29, kwa kufikiri kwamba ulimwengu mzima unajua kuna korona na hapana haja ya kuandika, haki yake imekwenda. Tunaijua adabu yetu watu wa pwani: tunaona aya kumwandikia mtu barua ya madai wakati wa msiba. Katika ujenzi adabu hiyo hula nyumba.

Na mkataba usiposema chochote? Hapo sheria za nchi hutofautiana sana. Oman, kwa sheria yake ya miamala ya kiraia ya mwaka 2013, humruhusu kadhi au hakimu kupunguza mzigo uliozidi kiasi kwa sababu ya hali zisizo za kawaida, hata ukawa mzigo wa kubebeka. Sheria ya Uingereza ni kavu. Iko kesi iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya hapa mwaka 1956, baina ya mjenzi na baraza la mji wa Fareham. Mjenzi alikubali kujenga nyumba 78 katika miezi 8. Baada ya vita mafundi walikuwa adimu, na kazi ikachukua miezi 22. Akadai kwamba mkataba umekufa, alipwe kwa gharama halisi. Mahakama ikakataa: kazi kuwa ngumu zaidi na ghali zaidi hakuifanyi kuwa kazi nyengine. Mkataba hufa pale tu jambo lenyewe linapokuwa haliwezekani tena, au linapogeuka kuwa kitu tofauti kabisa na kile kilichoahidiwa. Korona ilichelewesha nyumba nyingi, lakini nyumba zilibaki nyumba.

Wanazuoni wamesemaje

Hapo mzee mmoja katika kamati, aliyekuwa kimya usiku mzima, akatukumbusha kwamba tumeuliza sheria ya nchi tu. Tukaenda kwa sheikh wetu.

Alianza kwa kututajia aya ya kwanza ya Suratul Maida, inayowaamrisha waumini kutimiza mikataba yao, na aya ya 282 ya Suratul Baqara juu ya kuandikiana madeni. Kisha akatutajia jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: mlango wa jaiha, yaani msiba unaoangamiza. Katika Sahihi ya Muslim iko riwaya ya Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuondoa hasara ya misiba. Asili yake ni matunda. Mtu amenunua matunda yakali juu ya mti, ukaja msiba ukayaharibu. Muuzaji asidai thamani ya kilichoharibika. Imamu Malik aliliona hilo ni wajibu msiba ukifikia thuluthi. Imamu Ahmad aliliona ni wajibu pia. Ama Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, aliliona ni jambo la kupendeza na si la lazima, na sheikh alitabasamu aliposema hivyo, kwa kujua walioko mbele yake ni watu wa madhehebu gani.

Akaendelea kwamba matunda si matofali, lakini wanazuoni wa zama zetu wamelipima hili kwa lile. Mwaka 1402 wa Hijria, sawa na 1982, Baraza la Fiqhi la Rabita, lililoko Makka, lilitoa uamuzi juu ya mikataba inayochukua muda mrefu, na kazi za ukandarasi zikatajwa humo. Likaona kwamba ikitokea hali ya ghafla, isiyotarajiwa, ikabadilisha gharama kwa kiasi kikubwa, wala mkandarasi hakuzembea, basi kadhi anaweza, akiombwa, kuirekebisha haki na wajibu wa kila upande ili hasara igawanywe, au kuuvunja mkataba kwa fidia ya haki kwa upande wa pili. Sheikh alisisitiza yale masharti: kikubwa, na bila ya uzembe. Bei ya mbao kupanda kidogo ni biashara, na mfanya biashara huchukua faida na hatari yake.

Tukatoka kwa sheikh nyoyo zimelainika, tukiwa tayari kulipa nusu ya kodi ya majukwaa. Kesho yake mhasibu wetu akatusimamisha. Madrasa yetu imesajiliwa kama jumuiya ya hisani, na kwa sheria ilivyokuwa mwaka 2020 wadhamini hawakuwa na ruhusa ya kutoa pesa za jumuiya kumlipa mtu asiyewadai kisheria, hata kama dhamiri inawasuta, bila ya idhini ya Tume ya Jumuiya za Hisani. Wangeweza kusuluhisha dai lenye shaka kwa maslahi ya jumuiya. Lakini dai hili halikuwa na shaka. Mkataba ulikuwa wazi kwamba hatudaiwi. Kwa hivyo yule aliyesema usiku wa kwanza kwamba pesa hizi si zetu alikuwa na haki kuliko tulivyodhani.

Suluhisho lilikuwa ni dogo. Mkandarasi alipewa wiki zake kwa maandishi, zote alizoomba, na fidia ya kuchelewa ikafutwa kwa wiki hizo. Bei ya mbao hakuongezewa. Ama majukwaa, alituonyesha hati zenyewe za aliyemkodisha, naye alikuwa amekwisha kusamehewa wiki tatu. Akapunguza dai lake bila ya kuambiwa. Nusu ya kilichobaki tukakichanga sisi wanakamati na baadhi ya wazee wa wanafunzi, mifukoni mwetu, katika sanduku lililoandikwa kwamba si la madrasa. Hatukumwambia mkandarasi zimetoka wapi. Si Mwislamu, lakini ni mtu mwungwana, na nadhani alijua, kwani alirudi mwezi wa Disemba, muda mrefu baada ya kukabidhi, kuja kutengeneza bomba la udhu lililokuwa likivuja, na hakutaka hata chai.

Nyumba za kwetu

Hayo yote ni ya penye karatasi. Barua nyingi zilizotufikia ni za nyumba za nyumbani, na huko karatasi yenyewe ni simu. Fundi anasema yataka mifuko arubaini, mwenye nyumba anatuma pesa, picha inakuja, mazungumzo yanakwisha kwa inshallah.

Wasomaji wetu wengi wameandika kana kwamba fundi ndiye aliyevunja ahadi. Tunaomba tusahihishane. Tanzania haikuwafungia watu majumbani wala haikusimamisha ujenzi. Ndege za abiria kutoka nje ndizo zilizozuiliwa kuanzia Aprili hadi tarehe 18 Mei 2020. Fundi wa Unguja aliweza kujenga. Pesa ndizo zilizokoma. Sisi huku tulikuwa tukipokea asilimia 80 ya mshahara, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na wenye kuendesha teksi walikaa wiki kadhaa bila ya kitu. Tulikata mahali palipo rahisi kukata. Fundi aliambiwa ngoja kidogo. Akangoja na vibarua wake, saruji ikiwa ghalani ikipoteza nguvu, kwani haitaki kukaa zaidi ya miezi mitatu hivi, na nondo zikiwa zimesimama wazi kwenye upepo wa chumvi. Akapata kazi nyengine, akenda. Sasa twasema fundi ametukimbia. Kwa mizani ile ile tuliyompimia mkandarasi wa madrasa, mchelewaji hapa ni nani?

Mombasa ilikuwa ni hali nyengine. Tarehe 8 Aprili 2020 watu walizuiliwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, na kizuizi cha Mombasa hakikuondolewa hadi tarehe 7 Julai. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukazingirwa peke yake. Fundi aishiye Kilifi mwenye kazi Kisauni hakuwa na njia halali ya kufika. Huyo ana udhuru kamili, na anayemdai siku zile anamdhulumu.

Kisha ikaja mwaka 2021, ambao kwa wajenzi ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Bei za nondo na mbao zilipanda sana duniani, kodi za makontena zikaruka, na mwezi wa Machi meli ya Ever Given ikakwama katika mfereji wa Suez kwa siku 6, huku milango na masinki ya watu yakiwa baharini. Yule aliyekubaliana na fundi bei moja ya nyumba nzima, vifaa ndani yake, mwaka 2019, alimtaka mwenzake ajenge kwa bei iliyokwisha kufa. Wengine walijengewa hivyo hivyo, na nyufa zinawaambia saruji ilipunguzwa wapi.

Msomaji mmoja ametuletea nakala ya makubaliano aliyoandikiana na fundi wake wa Unguja mwaka 2022, baada ya kusimama kwa mwaka mzima na kuombana radhi. Ni ukurasa mmoja wa daftari la shule, kwa kalamu ya wino wa buluu. Fundi analipwa ujira wake kwa hatua: msingi, linta, paa. Vifaa ananunua mwenye nyumba kwa bei ya siku hiyo, na risiti hupigwa picha. Kikija kizuizi kisicho cha mmoja wao, iwe maradhi, amri ya serikali au bandari kufungwa, siku zitaongezwa na hapana anayemlipa mwenziwe. Lakini vibarua waliokwisha kuitwa watalipwa wiki moja. Mwenye kupata kizuizi amwambie mwenziwe katika siku saba, kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo. Mwenye nyumba akishindwa kutuma pesa kwa wiki mbili, fundi yuko huru kushika kazi nyengine bila ya lawama, na saruji iliyobaki atamkopesha jirani aliyetajwa jina, airudishe mpya kazi itakapoanza. Nondo zipakwe uji wa saruji kabla ya kuachwa.

Chini yake pana saini mbili na mashahidi wawili, mmoja wao mama mzazi wa fundi. Msomaji huyo anatuambia kwamba kile kipengele cha saruji alikitia fundi mwenyewe, na kwamba kimetumika mara moja, mwaka 2023, alipofiwa na baba yake huku akashindwa kutuma pesa kwa miezi miwili. Jirani alirudisha mifuko yote kumi na minne.